Miti ya Slabu Siku ya Posa

Siku watu wa mume wangu walipokuja kuniposa, mama aling'oa miti iliyoshikilia slabu yetu mbichi akajengea hema. Sikatai, hema lilipendeza.

Baba alikuwa akiongeza ghorofa juu ya nyumba yetu mtaani Umoja. Zege lilikuwa limemwagwa wiki iliyotangulia, na chini yake palikuwa na msitu wa miti ambayo fundi, jirani yetu, alikataza isiguswe mpaka zege likauke. Lakini wenye hema walileta turubai bila nguzo, na kwetu mtaani kitu kilichosimama bure huazimwa. Mama akachukua ya katikati, ya pembeni akaiacha "ishike." Manyunyu yalipoanza, akina mama wakahamishia majiko yote chini ya slabu hiyo hiyo.

Mimi nilikuwa chumbani nikichungulia dirishani, maana binti anayeposwa haonekani wala hasikiki mpaka aitwe. Wageni wakaingia wakiimba, wakaketi. Fundi naye akaja, amealikwa, amevaa suti. Akapapasa nguzo ya hema, vidole vikatoka na simiti.

"Mathe, hii mti umetoa wapi?"

"Si huko chini, fundi. Si zilikuwa zimesimama tu?"

"Toeni watu huko! Saa hii!"

Wapishi wakatoka mbio, kila mmoja na sufuria yake. Fundi akang'oa nguzo, hema likashuka juu ya wazee waliokuwa bado wamefumba macho wakiomba. Akaanza kurudisha miti chini ya slabu, akataka mtu mmoja tu wa kumshikia akigonga kabari. Aliyevua koti upesi ni yule niliyetaka kuolewa naye. Mjinga wangu! Slabu ikalia kwaa, vumbi likammwagikia mabegani.

Sijui nilifunguaje mlango. Nilijikuta mbele ya wazee wa pande zote mbili, miguu mitupu, nikipiga kelele, "Toka huko! Sasa mimi nitaolewa na nani?"

Hakutoka mpaka mti wa mwisho ukakazwa. Alipotoka, mweupe kwa vumbi, alikuwa anacheka. Mimi nililia bila aibu yoyote.

Shughuli iliendelea chini ya miavuli. Ikafika saa ya binti kuulizwa mbele ya watu kama anawajua wageni hawa na kama anawataka. Mjomba wangu, ambaye kazi hiyo ilikuwa yake, alisimama, akakohoa, akanitazama, kisha akaketi.

"Huyu ameshajibu," akasema. "Leteni chakula."