Trekta Haliingii Mjini

Juzi, kwenye dirisha la ofisi moja hapa Tunduma, mkulima wa kijiji cha Ihanda aliyekuwa mbele yangu alivua kofia, akaomba kibali cha kuingiza trekta mjini.

"Sheria ndogo inakataza, mzee," karani alisema bila kuinua macho.

"Najua, mwanangu. Jumatatu nilimleta mke wangu mgonjwa, nikazuiwa. Tukangoja bajaji kwenye mvua."

"Sasa unataka nini?"

"Amefariki. Kwetu ni tope tupu, gari jingine halifiki. Nataka nimrudishe nyumbani."

Karani aliweka kalamu chini. Akapekua kitabu chake taratibu.

"Kibali cha mazao kipo," alisema kwa sauti ndogo. "Cha maiti hakipo."

Mzee akasogea dirishani. "Basi andika mahindi."

Karani akaandika mahindi, akagonga muhuri. Sheria, ndugu msomaji, ilifuatwa.