Kulwa Akawa wa Tisa

Ipo siku moja ya Igoma, hapa Mwanza, mwanangu, ambayo ikinijia nikiwa nakula naweka kijiko chini. Jana imenijia tena, niliposikia wewe na wenzako mnawapanga kwenye simu wapiga gitaa wa roki: nani wa kwanza, nani hafai kabisa.

Nami nilikuwa hivyohivyo, tena bingwa. Kanda nilizosikiliza zingezunguka ziwa lote hili mara mbili. Hesabu za shule ya jioni nilikuwa nimezimeza, basi kila kitu nakipa namba. Kwa gitaa kipimo changu kilikuwa kimoja tu: kasi ya vidole.

Mtaani kwetu walikuwapo mapacha, Kulwa na Doto. Doto alipiga solo, vidole vinakimbia kama vimefukuzwa na nyuki. Kulwa alipiga ridhimu, gitaa la kushikilia mapigo, taratibu, kichwa chini. Siku ya mazoezi, watu wamejaa, nikachukua chaki nikaandika ukutani wapiga roki wa Mwanza nzima. Walikuwa tisa, labda na wa kumi aliyekuwa bado anajifunza. Doto wa kwanza. Kulwa wa tisa.

"Kulwa, umetangulia kuzaliwa ukafika wa mwisho!" mmoja akapiga kelele.

Watu wakaangua kicheko. Kulwa naye akacheka, akafunga gitaa lake, akaondoka.

Jumamosi Doto akapanda jukwaani peke yake. Vidole vilikimbia vilevile, lakini havikuwa na pa kukanyaga. Ndipo nikamsikia Kulwa kwa mara ya kwanza, mwanangu, siku ambayo hakuwapo.

Nikaenda kwa mama yao.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ndiye wewe mwalimu wa kugawa namba?"

"Ndiye mimi, mama."

"Kulwa ni yule aliyetangulia kutoka, Doto akafuata. Namba yao ni hiyo tu, na wala sikuitoa mimi. Niliwanyonyesha pamoja, mmoja huku, mmoja huku. Wewe na chaki yako umewatenganisha mchana mmoja."

Niliusugua ule ukuta mpaka plasta ikabanduka. Kisha nikamfuata Kulwa hadi Buhongwa, alikokwenda kuchomelea mageti. Alinisamehe, akanipa na chai. Nikamsihi arudi.

"Kaka, nikishika nyuzi nasikia tisa, tisa. Wimbo siusikii tena."

Hakurudi.

Kwa hiyo mpende unayempenda, mwanangu, na ubishe mpaka sauti ikauke, maana ubishi wa muziki una utamu wake. Ila kabla hujampa mtu namba, sikiliza kwanza amebeba nini kwenye wimbo. Na yule mpigaji mnayekutana naye kila siku pale Nyamagana usimpange mbele za watu. Mvute pembeni, mwambie ulichosikia. Wa Ulaya hasomi simu yako. Wa hapa anaisoma.

Mungu akupe masikio mapana na ulimi wa taratibu, na wenzako wapige bila woga wakikuona umekaa mbele.