Ujumbe Uliopotea Kingerikiti

Mkuu wa mradi wetu alinitaka nihame Mbinga. Aliniambia hivyo kwenye simu ya video, na sauti yake ilikatika mara tatu kabla hajamaliza.

"Mtandao wa huko haufai. Hamia Dar es Salaam, au kazi tumpe mtu mwingine."

"Sihami," nilijibu. "Na kazi siiachi."

Tulikuwa tukitengeneza itifaki, yaani kanuni ambazo kompyuta hufuata zinapopelekeana ujumbe, kwa ajili ya mawasiliano ya angani. Chombo kikipita nyuma ya sayari, mawasiliano hukatika. Kwa hiyo kila kituo njiani huushika ujumbe mpaka kinachofuata kionekane, kiupokee na kujibu, "Nimepokea." Hapo ndipo cha kwanza hufuta nakala yake. Wenzangu walijaribia maabarani, kompyuta zote kwenye meza moja, umeme haukatiki. Mimi nimekulia mahali ambapo barua ya kwenda ziwani ilikaa Mbinga mpaka gari lipatikane.

Nikafunga kompyuta tatu ndogo zenye redio: moja nyumbani, karibu na chanja za mama za kuanikia kahawa, moja kilimani Kingerikiti, ikitumia sola, na moja Ngumbo, kule ziwani, kwenye zahanati ambako mama yangu mdogo ni muuguzi. Nilizipangia kuonana dakika chache tu kwa siku. Kila ujumbe niliotuma Ngumbo kupitia Kingerikiti niliupa namba, na mama mdogo akawa ananisomea kwa simu namba zilizofika.

Siku nyingi hakuna kilichopotea. Kisha mvua ikanyesha mfululizo, mama mdogo akanipigia.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Kumi na saba sijaiona. Kumi na nane ipo."

Nikaangalia kwangu. Kituo cha Kingerikiti kilikuwa kimejibu "Nimepokea," na kompyuta yangu ikafuta. Ujumbe haukuwa popote duniani.

Nilikwenda kwa bodaboda, tukiisukuma pikipiki kwenye tope zaidi ya tulivyoipanda. Kule kilimani kumbukumbu za mashine zilinionyesha kosa: ilijibu kwanza, ikasubiri kuhifadhi baadaye. Katikati hapo betri ikaisha kwa kukosa jua, na ujumbe ukapotea nayo.

Nilipomweleza mama mdogo, alicheka. "Mimi dawa sizisaini mpaka nimeziona kabatini. Nyinyi wasomi mnasaini kabla?"

Mkuu hakucheka. "Hilo ni tatizo la umeme wa kijijini," alisema kwenye simu ya video, mbele ya kikundi kizima. "Si la itifaki."

Nikawasha kipaza sauti changu.

"Na huko angani," nilisema, "ni nani aliyekuahidi umeme?"

Akahamia ajenda nyingine.

Basi nilichukua toleo lake mwenyewe la programu, sikubadilisha hata herufi. Nikaiweka mashine mezani, nikawa nachomoa waya wa umeme kila inapojibu, huku nikirekodi video. Ujumbe ulipotea. Nikarudia, ukapotea tena. Nilirudia mpaka mama akaja mlangoni kuuliza ninagombana na nani. Kisha nikaituma video kwa wote, si kwa mkuu peke yake. Kwa mtandao wetu ilichukua asubuhi nzima kupanda, nami nikakaa pale pale nikiitazama.

Mwenzetu mmoja alijaribu maabarani kwake, akapata yale yale. Kanuni ikabadilishwa: hifadhi kwanza, ndipo ujibu. Mkuu hakuniomba radhi. Alipiga simu kuuliza kama naweza kuendelea na majaribio.

"Naweza, kwa sharti moja. Kwenye orodha ya waliofanya majaribio, mama yangu mdogo awemo."

"Lakini yeye ni muuguzi."

"Ndiye aliyeona ujumbe umepotea. Sisi wote hatukuona."

Akaniuliza jina la mama mdogo linaandikwaje, nikamtajia herufi moja moja, polepole, asikosee.

Nilimpigia mama mdogo papo hapo. Alikuwa anapima watoto uzito, akasema nimpigie baadaye.