Konokono Arobaini na Watatu wa Pi-hsia

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, Kuo Pi-hsia amesimama mferejini, maji yanamfika magotini, anatazama barabara. Wanafunzi wanne walipaswa kufika saa kumi na mbili kamili. Wamekuja wawili.

"Wenzenu wako wapi?"

"Wako foleni ya maandazi ya mvuke, Dada Pi-hsia," anajibu mmoja.

"Waambie konokono wameshakula, wameshiba, wanaenda kulala." Anainama, anapitisha wavu chini ya ukuta wa mfereji, anauinua. Majani na tope tu. Anaandika sifuri kwenye daftari.

Pi-hsia, mwenye umri wa miaka 46, ni msaidizi wa maabara ya ikolojia katika chuo kimoja hapa Yilan, kaskazini-mashariki mwa Taiwan. Kwa miaka kumi na minne amewafundisha wanafunzi wa shahada ya kwanza namna ya kuwatafiti konokono wa dhahabu, wale walioletwa zamani kutoka Amerika Kusini ili wafugwe kwa chakula. Watu walipowaonja hawakuwapenda, wakawamwaga mferejini. Tangu hapo konokono hao wanakula miche ya mpunga.

Mkataba wake ni wa mwaka mmoja mmoja, mshahara dola za Taiwan 38,000 kwa mwezi. Maprofesa husaini ripoti. Yeye ndiye anayejua nani ameshika wavu kinyumenyume.

"Kila Septemba napata watoto wapya wasiojua tope ni nini," anasema. "Mmoja alikuja mpungani na viatu vyeupe. Mwingine alijaza takwimu za wiki tatu akiwa kitandani. Nilimgunduaje? Aliandika kwamba jaruba namba nne lina konokono kumi na wawili. Wiki hiyo jaruba namba nne lilikuwa kavu kabisa!"

Lakini hao, anasema, walimchosha tu. Aliyemnyima usingizi ni Fan Yu-ching.

Ilikuwa Machi mwaka jana. Yu-ching, mwanafunzi wa mwaka wa pili, alikuwa mwangalifu kuliko wenzake wote. Alimpaka kila konokono rangi ya kucha mgongoni na kumwandikia namba, kuanzia moja hadi arobaini na tatu. Jaribio lilipokwisha siku ya Ijumaa, alibaki na kazi moja: kuwatia wote kwenye friza, kama kanuni inavyotaka.

Jumatatu Pi-hsia alifungua friza. Tupu.

"Yu-ching, konokono umewaweka wapi?"

"Nimewaachia, dada."

"Umewaachia nani?"

"Nimewaachia huru. Kwenye mfereji wa nyuma ya bweni. Maji yake safi mno. Nilishindwa kuwagandisha, walikuwa wananitazama."

Pi-hsia anasema aliketi juu ya ndoo iliyokuwa karibu. Mfereji ule unatoka chemchemini na kwenda moja kwa moja kwenye majaruba ya Mzee Hsieh Tien-fu, asiyetumia dawa yoyote. Ndiyo majaruba pekee ya eneo hilo ambayo hayajawahi kuwa na konokono hao. Kwa miaka mitatu maabara ilikuwa ikiyalinganisha na mengine. Na mzee alikuwa amepandikiza miche siku sita tu kabla.

"Ningeweza kunyamaza," anasema. "Kuna mtu ofisini aliniambia ninyamaze. Nikamwambia, wewe hujawahi kuamka ukakuta shamba la mama yako limeliwa. Mimi nimewahi."

Alimchukua Yu-ching kwenye skuta, wakaenda kwa mzee. Binti alieleza mwenyewe, huku akilia. Mzee Tien-fu alikwenda kufunga lango la maji, akarudi polepole.

"Sasa miche yangu itakunywa nini, machozi yako?" aliuliza.

"Mzee, tutawatoa wote," Pi-hsia alisema.

"Mtawatoa. Na mkishawatoa, msikanyage tena hapa."

Yu-ching aliomba kuacha masomo ya maabara. Pi-hsia alimkatalia palepale. "Nilimwambia, ukiondoka nani atatuonyesha ulipowamwaga? Lia huku unatembea."

Walitafuta siku kumi na tisa, alfajiri na jioni, mita mia sita za mfereji. Wenzake walinung'unika, wakamtania kwa kumwita Mkombozi. Yeye aliendelea kupapasa ukuta wa mfereji. Siku ya kumi na sita aliona kichala cha mayai ya konokono, ya rangi ya waridi, ukutani, juu kidogo ya maji. Kichala kimoja huweza kuwa na mayai mia mbili na zaidi. Alikibandua chote kwa kisu, akakitia kwenye mfuko wa plastiki na kukipondaponda mwenyewe.

Wakawapata arobaini na mmoja. Namba kumi na saba na namba thelathini hawajaonekana hadi leo.

Mzee Tien-fu alifungua lango baada ya kulitegea vyandarua vitatu vya kuzuia konokono, na mpunga wake ulivunwa salama. Ila utafiti shambani kwake ulisimama. Mwezi Februari mwaka huu, Pi-hsia alipompelekea machungwa ya Mwaka Mpya wa Kichina, mzee alimpa sharti la utafiti kurejea: mfereji ukaguliwe kila wiki, na misimu miwili ipite bila konokono wala yai. Msimu wa kwanza umepita. Wa pili umebakiza wiki saba.

Wanafunzi wawili wa maandazi wanafika wakihema. Kabla Pi-hsia hajafungua kinywa, Yu-ching, sasa mwaka wa nne, anatokea upande wa juu wa mfereji, matope hadi mapajani.

"Mmekuja kula au kufanya kazi?" anawafokea. "Shikeni wavu. Siyo hivyo! Geuza!"

Pi-hsia anacheka kwa mara ya kwanza asubuhi hii. Ameshachora ramani ya majaruba mawili anayotaka kuyaomba upya kwa mzee, na jina aliloliandika la kiongozi wa kazi hiyo ni la Yu-ching. Bado hajamwambia.

"Dada," mmoja wa waliochelewa anauliza, "tukimpata hata mmoja leo je?"

"Utakwenda wewe kumwambia mzee," Pi-hsia anajibu. "Kisha tutaanza kuhesabu misimu upya. Haya, ingia majini."