Nawachagulia wajawazito sidiria, na mimi nimejifunga kwa leso

Admin, Mungu akubariki, jina langu usiliweke maana hapa Busia tunajuana. Wapendwa, mimi ni mama wa miaka arobaini na nne, nimeolewa kanisani, nina watoto wanne, na mdogo wao yuko darasa la saba. Shule niliacha mapema, kwa hiyo mnisamehe nikikosea. Nauza sidiria za mitumba sokoni. Wajawazito wanakuja kwangu hata kutoka Tororo, kwa sababu nawachagulia polepole bila kuwaaibisha. Nawaambia, acha ya waya mama, chukua ya pamba, mkanda uwe mpana na vidole viwili vipite chini yake.

Sasa sikieni. Mimi mwenyewe nina mimba ya miezi mitano. Nimevaa sidiria yangu ya zamani, ndogo, ya waya, na juu yake nimezungusha leso na kukaza. Nikivua, mbavu zina alama kama mtu aliyefungwa kamba. Muuguzi wa kliniki aliniuliza, "Mama, unajibana hivi kwa nini? Ukija kunyonyesha na kitu hiki maziwa yataziba." Nikafunga blauzi yangu nikatoka. Mume wangu naye anasema, "Mungu ametupa, unaficha nini?" Kwake ni rahisi, tumbo si lake.

Ninayemficha ni binti yangu mkubwa. Ameolewa huko Kisoko, na alingoja miaka sita kabla ya kupata hii mimba yake ya kwanza. Mama mkwe wake ni mtu wa kushika miiko. Anasema mama na binti wakibeba mimba wakati mmoja, mama asikanyage kwa binti wala asishike mtoto, maana atamletea ugonjwa. Mimi ni mtu wa maombi, hayo siyaamini. Lakini binti yangu anaishi kwao, haishi kwangu.

Juzi nilikaribia kushikwa. Soko letu halina chumba cha kujaribia, kwa hiyo muuzaji anavaa sidiria juu ya blauzi ili mteja aone inavyokaa. Mteja akataka ya kunyonyeshea. Jirani yangu wa meza, Mama Nekesa, akanirushia moja. "Vaa basi dada, mteja anangoja!" Ni saizi ninayovaa siku zote. Ikakataa kufunga. Mama Nekesa akavuta kutoka nyuma huku anacheka, "Haiya! Huo ugali unakula kwa nani?" Kisha mikono yake ikagusa ile leso niliyojikazia, ikasimama mgongoni kwangu. Akanong'ona, "Dada, miezi mingapi?" Nikamwambia ni unene tu. Hakucheka tena, na tangu siku hiyo ananibebea mabunda yangu bila kuniambia neno.

Jumamosi binti yangu akaja nimchagulie ya kunyonyeshea. Nikampa yenye vikombe vinavyofunguka mbele kwa mkono mmoja. Nikamwambia, "Sasa funga safu ya nje kabisa ya vishikizo. Ukishazaa mbavu zitarudi, ndipo utakaza." Nilikuwa namfunga, pumzi yangu ikikatika kwa ile leso, akageuka na machozi. "Mama, nimemwomba mume wangu na amekubali. Uchungu ukianza utakuja ukae na mimi mwezi mzima. Mama mkwe namwogopa. Nikiwa na wewe tu ndiyo nitaweza."

Nikajibu amina. Wapendwa, nilisema amina kwa kinywa changu, na mtoto wangu mwingine anacheza tumboni.

Imebaki wiki tatu. Nikimwambia ukweli, hataweza kumficha mama mkwe, nyumba ile itafungwa kwangu na atazaa mikononi mwa mtu anayemwogopa. Nikienda nimejifunga hivi, na yule mtoto mchanga apate hata homa ndogo, Mungu apishe mbali, watasema nilijua nikaja kusudi. Na yeye baada ya miaka sita ya kungoja, ataacha kuwaamini? Nimepiga magoti mpaka yameota sugu, na bado sijasikia jibu. Mama zangu, dada zangu, msinitukane. Nimwambie binti yangu sasa avunjike moyo kabla ya uchungu, au niende nikae naye na siri hii kifuani? Nishaurini kama mngemshauri mama yenu mzazi, maana akipiga simu sitakuwa na muda wa kufikiri.