Neno la Kwanza kwenye Simu ya Mama

Kwetu Musonoi, Mama hakuwahi kusonga bukari, ugali wetu, kabla Tata hajatoka kwenye shimo la madini. Tata, baba yangu, alichukia bukari iliyopoa, wala hakuficha. Mimi niliyejifunza kutengeneza programu za simu nikawatengenezea moja ndogo. Tata anabonyeza mdomoni mwa shimo akishuka, anabonyeza tena akipanda, na simu zetu zote zinasoma neno lile lile.

Shida ilikuwa rezo, mtandao wa simu. Ukifungua programu, kioo lazima kionyeshe kitu kabla habari ya kweli haijafika, na huku kwetu habari inajivuta kama mgonjwa. Sikutaka Mama apokelewe na hofu. Kwa hiyo nikaweka neno la kuanzia: "Tata amepanda." Rezo ikifika, neno linajirekebisha.

Siku shimo lilipoporomoka, Tata alikuwa ameshabonyeza kwamba ameshuka. Hawakumtoa. Tangu hapo simu zetu zinasema "Tata yuko chini," na kidole cha kulibadilisha hakipo.

Baada ya matanga nilichukua simu ya Mama ili niliondoe lile neno la kuanzia, maana lilinichoma kila nilipoliona. Mama akaninyang'anya simu.

"Acha vile iko, mutoto yangu."

Nilikasirika. Siku hizi namwangalia jioni akiwa jikoni. Anafungua programu, anasoma neno la kwanza, anazima simu haraka kabla rezo haijafika. Halafu anasonga bukari.