Agosti ya Wageni

Nyumba ya Vjekoslav ilijengwa kwa likizo. Alikuwa fundi wa reli kule Vinkovci, bara kabisa, safari ya siku nzima hadi kisiwani kwetu Vir. Kila mwaka alipopata wiki zake tatu alikuja na mkewe Ljerka, gari dogo limejaa saruji nyuma na godoro juu. Mwaka huu msingi, mwaka ujao kuta za chini, mwaka mwingine fedha hazikupatikana wakapiga lipu ya choo tu. Mume wangu, Mungu amrehemu, ndiye aliyewauzia kiwanja, na ua wetu unapakana na wao. Miaka kumi na mmoja niliona kila tofali likipanda.

Vjeko, maana sote tulimwita hivyo, alipenda kujenga. Bahari hakuwa na habari nayo. Hata kuogelea hakujua. Mwenye bahari alikuwa Ljerka. Alishona sare kiwandani mwaka mzima, mwanamke mnene, mcheshi, na akifika hapa hakuna aliyeweza kumtoa majini. Aliingia asubuhi kabla ya kahawa, akaelea taratibu, kichwa juu kama bata, akiwasalimia watu wa ufukweni kama anapita sokoni. Vita vilipofika Vinkovci alikimbilia hapa na binti yao, Renata, wakaishi miezi kumi na minne katika nyumba isiyo na madirisha, karatasi za nailoni zikipigwa na upepo. Hata mwezi wa kumi na moja aliogelea. Alisema maji ya baridi yanamsahaulisha redio.

Vita vikaisha, nyumba ikaisha, Renata akaenda Ujerumani kuwa muuguzi. Ndipo wazee wakastaafu, na hesabu zikaanza kusumbua. Pensheni zilikuwa mbili, zote ndogo. Nyumba ya pwani haijui kama umestaafu. Inataka kodi yake, bima, maji, umeme, ada ya taka hata kama hukutupa hata ganda la yai, na chumvi inakula kila chuma. Vjeko hakuwahi kudaiwa na mtu. Akapangisha chumba cha juu kwa familia ya Wacheki, wao wakabaki chini. Mwaka uliofuata akapangisha na chini, wakalala stoo, kati ya majembe na makopo ya rangi. Halafu wakala wa kule mjini Zadar akawaambia kwamba wageni wanalipa vizuri zaidi wakipata nyumba nzima, na hawapendi kumwona mwenye nyumba akianika soksi. Wakarudi Vinkovci.

Tangu hapo walikuja mara mbili kwa mwaka: mwezi wa tano kupaka rangi na kusafisha mitaro, na mwishoni mwa Septemba au Oktoba kufunga maji. Funguo nilishika mimi. Kila Jumamosi nilibadilisha mashuka na kupiga deki, kwa malipo.

Siku moja ya mwezi wa tano nilimuuliza Ljerka, "Hivi jirani, hii nyumba ni yenu au ya Wacheki?"

"Ya Wacheki," akasema, akisugua beseni. "Sisi wafagizi wao. Wewe msimamizi, mimi wa vyoo."

Alicheka. Kisha akateremka kutia mguu majini, akautoa. Mwezi wa tano maji yetu ni baridi hata kwake, maana mwili ulishazeeka.

Vjeko aliniambia mara nyingi, kwa fahari, kwamba karibu nyumba itajilipia. Mwaka mmoja ilipungua euro mia tatu, mwaka mwingine mia moja na themanini. Alikuwa anafukuza ile mia ya mwisho kama mtu anayefukuza kuku. Kila alipokaribia, kitu kiliharibika: hita ya maji, kiyoyozi, na majira ya baridi ya mwaka juzi dhoruba ikang'oa nusu ya vigae vya paa. Akachukua mkopo, wa kwanza maishani mwake.

Aprili iliyofuata Ljerka alinipigia simu. Tulizungumza habari za mafua, bei ya mafuta ya zeituni, ugomvi wa parokia. Mwishoni akauliza kama kuna mtu aliyeweka nafasi wiki ya kwanza ya Agosti. Sauti yake ilikuwa nyembamba. Nikamuuliza ana nini.

"Saratani ya kongosho," akasema. "Wamenifungua, wakanifunga. Nataka wiki moja tu, jirani, maji yakiwa ya moto."

Wiki ile ilikuwa ya daktari wa meno Mcheki, wa Brno, aliyekuja na familia yake mwaka wa sita mfululizo. Walichukua majuma matatu, toka mwisho wa Julai. Arbuni alishalipa wakati wa baridi, na arbuni ile ilikuwa tayari juu ya paa, imegeuka vigae. Kuwafuta wageni maana yake kuirudisha, na faini ya wakala juu yake.

Baada ya siku mbili Vjeko naye akapiga. Aliuliza, kwa kuzungukazunguka, kama nina chumba cha ziada Agosti. Lazima niseme jambo hili kama lilivyokuwa. Vyumba vyangu vya juu vilikuwa vimejaa, nami nilikuwa na deni langu la madirisha. Lakini chumba changu mwenyewe kilikuwepo, nami ningeweza kwenda kulala kwa ndugu yangu. Nilimwambia nitaangalia. Sikuangalia.

Baadaye akanipigia tena, sauti imepata nafuu. "Ljerka mwenyewe amesema Septemba," akaniambia. "Amesema tusiwasumbue watu. Septemba maji bado yana joto, sivyo?"

Nikamwambia yana joto.

Ljerka alifariki tarehe ishirini na moja Agosti, kwenye kitanda chao cha Vinkovci, madirisha wazi kwa ajili ya joto. Wacheki walikuwa wameondoka siku nne kabla.

Nilikwenda mazishini kwa basi. Baada ya makaburini tulikaa jikoni kwao, supu ya kuku mezani, majirani wakiingia na kutoka na sahani za keki. Renata alikuwa amekuja toka Ujerumani. Aliambiwa kuhusu ugonjwa mwezi wa sita tu, na habari ya Agosti aliisikia siku ile ile, kutoka kwangu, maana nilidhani anajua. Watu walipopungua akakaa mbele ya baba yake.

"Baba, mara ya mwisho mama kuogelea kiangazi ilikuwa lini?"

Vjeko hakulichukua kama shutuma. Alifikiri kweli, kama anatafuta saa ya treni. "Mwaka ule tulipobadilisha hita ya maji ya kwanza," akasema.

"Ni mwaka gani huo?"

"Elfu mbili na kumi na nne."

Renata akahesabu kwa vidole. Miaka kumi. "Ungenipigia simu," akasema. "Hao watu ningewalipa mimi."

"Mama yako hakutaka tukusumbue."

Renata akasukuma kiti nyuma. Alisimama, akakusanya sahani, akaziosha zote, hata zile zilizokuwa safi. Vjeko alibaki ameshika ukingo wa meza.

Nilimwandikia yule daktari wa meno, ili asishangae kama nyumba haitapatikana tena. Alijibu siku hiyo hiyo. Alisema mkewe analia. Alisema wangekwenda popote pengine, wasingedai hata senti, mbona hakuna aliyewaambia. Vjeko alipokuja Oktoba kufunga maji nilimsomea ile barua. Sijui kwa nini. Labda sikutaka kuibeba peke yangu. Aliomba nirudie mahali pale pa "mbona hakuna aliyewaambia," nikarudia, naye akavaa kofia yake akatoka.

Kesho yake alikuja na daftari. Mwaka ule nyumba ilikuwa imejilipia. Baada ya kodi, wakala, mashuka, na hata sehemu ya mkopo wa paa, zilibaki euro mia nne na kumi na mbili. Alizitoa kwenye bahasha akaziweka mbele ya kikombe changu.

"Chukua, jirani. Mimi sijui pa kuziweka."

Nikazisukuma kwake. Akazirudisha. Tuliendelea hivyo hadi kahawa ikapoa, wazee wawili tukisukumana karatasi, na hakuna aliyecheka. Mwishowe nilizipeleka kwa padri, Ljerka asomewe misa.

Kiangazi kilichofuata hakupokea mgeni hata mmoja. Alikaa mwenyewe Agosti nzima. Asubuhi nilimwona kwenye mawe ya ufukweni, suruali imekunjwa hadi magotini, miguu majini, anaangalia watoto wa watu. Nilimpelekea samaki wa kukaanga. Alikula kidogo, akashukuru sana. Nikamwambia kuhusu kile chumba changu, kwamba kilikuwepo. Akasema alijua.

"Ulijua?"

"Ljerka ndiye aliyejua. Alisema, Milka naye ana madirisha yake, mwache."

Nililia pale pale mezani kwake, naye akanimiminia maji.

Bili ziliendelea kuja, na sasa hapakuwa na cha kuzilipa. Mwezi wa kumi akauza. Wanunuzi walikuwa mume na mke kutoka Bratislava, vijana, watu wa heshima. Mke alikagua kila chumba, kisha akauliza kile wanachouliza wote: kodi ya wageni itatosha gharama?

Vjeko akanyoosha pazia lililokuwa limenyooka. "Itatosha, mama," akasema. "Msipokaa ndani."

Yule mama akatabasamu, akadhani ni utani. Wakatia saini wiki hiyo. Vjeko alichukua cherehani ya Ljerka na picha mbili; vingine vyote aliwaachia, hata vijiko.

Mwaka huu sikupangisha chumba changu cha juu, kile cha upande wa bahari. Renata alikuja na wanawe wawili, wakakaa siku nane. Alitaka kulipa, nikakataa, tukabishana, nikamwachia alipe mkate. Tulimwalika baba yake. Alisema safari ni ndefu na maharage yake yanataka maji. Renata alimpigia kila jioni, akampa watoto waseme naye, na nilimsikia mdogo akimweleza babu yake, bila haraka, jinsi siku hiyo alivyoweza kuelea bila kushikwa.